Usiulize Mtoto Aanze Juisi Lini, Uliza Aanze Tunda Lini



Leo naomba tuweke pembeni mbolea, viuatilifu na bei ya machungwa. Kuna swali ninaloulizwa kila msimu wa matunda, njiani, kwenye vikundi na kwenye simu: "Bwana Shamba, mtoto naweza kumwanzishia juisi akiwa na miezi mingapi?" Anayeuliza mara nyingi ameshaamua. Ana machungwa chini ya mti, ana chujio, ana kikombe. Anachotaka kwangu ni namba tu: mitatu, minne au mitano.

Namba hiyo sitoi, kwa sababu swali lenyewe ndilo bovu. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja hana haja ya juisi, iwe ya boksi au uliyokamua kwa mikono yako mwenyewe. Chini ya miezi sita hahitaji kitu zaidi ya ziwa la mama. Akitimiza miezi sita anahitaji tunda lenyewe, limepondwa, kwa kijiko, pamoja na chakula kingine. Hapo katikati juisi haina nafasi. Nitaeleza kwa nini, na ukimaliza kusoma kama bado unataka kubishana, karibu tubishane.

BWANA SHAMBA NA MAZIWA YA MAMA WAPI NA WAPI?

Najua kuna atakayeuliza hivyo, na ana haki. Mimi ni mtu wa miche na mbegu. Lakini katika jambo hili nina deni, na afadhali nilitaje mwenyewe kabla hujalisikia kwa mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha kikundi cha akina mama huku Muheza kusindika machungwa. Aliyewahi kufika Muheza wakati wa msimu anaijua hali: matunda yamejaa kila kona, bei inashuka, lori likichelewa siku mbili mali inaanza kuoza. Tukafundishana kuosha, kukamua, kuchuja, kuchemsha na kufungasha. Nilisimama mbele yao nikasema juisi ina vitamini, juisi ni afya, juisi ni ya familia nzima. Maneno hayo ni yangu, sikusingiziwa.

Wiki chache baadaye nikarudi kuwatembelea. Mama mmoja alinikaribisha barazani kwake, mtoto wake wa miezi minne mapajani, na mkononi chupa ya kunyonyea iliyojaa maji ya rangi ya chungwa. Akaniambia kwa furaha, "Bwana Shamba, ndiyo ile uliyotufundisha. Naye anaipenda hasa!" Nikatabasamu. Nikampa hongera.

Mtoto alipofika miezi tisa nilikutana na mama huyo akitoka kliniki. Mtoto alikuwa ameharisha mara tatu tangu siku ile, na mstari wa uzito kwenye kadi yake, uliopanda vizuri miezi ya mwanzo, ulikuwa umelala. Muuguzi alimuuliza anampa nini. Alijibu uji na juisi, juisi asubuhi, mchana na jioni. Ziwa mtoto alikuwa analitaka usiku tu.

Siwezi kukuambia kwamba juisi peke yake ndiyo iliyofanya yote hayo. Lakini najua nani aliyesema "familia nzima" bila kutaja umri. Ndiyo sababu naandika leo.

USHAURI WA JUISI ULITOKA WAPI?

Tuwe wa haki kwa bibi zetu. Mama mkwe anapokuambia mpe mtoto maji ya chungwa, hakutakii mabaya wala hakulibuni jambo hilo. Alilisikia, na lilikuwa na sababu yake, ila sababu hiyo haimhusu mtoto wako.

Karne ya 19 huko Ulaya na Marekani, familia nyingi zilianza kulea watoto kwa maziwa ya kopo na maziwa yaliyochemshwa sana badala ya ziwa la mama. Vitamini C haivumilii moto wala kukaa muda mrefu. Watoto wakaanza kuvimba fizi, kutoka damu, na kulia wakishikwa miguu. Mwaka 1883 daktari Thomas Barlow wa London alionyesha kuwa ugonjwa huo ni kiseyeye, kile kile kilichokuwa kikiwaua mabaharia. Dawa yake ilikuwa maji ya machungwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iligawa juisi ya machungwa kwa watoto wadogo pamoja na mafuta ya samaki. Huko na wakati huo, juisi iliokoa watoto.

Angalia lakini iliwaokoa na nini. Iliwaokoa na maziwa yaliyopoteza vitamini. Mtoto anayenyonya mama anayekula matunda na mboga anapata vitamini C ndani ya ziwa. Kumpa juisi mtoto huyo ni kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Jambo la pili ni umri. Kwa miaka mingi ushauri wa kimataifa ulisema vyakula vya nyongeza vianze kati ya miezi minne na sita. Mwezi Mei 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hivyo mama aliyezaa miaka ya 1980 au 1990 na kuambiwa "miezi minne" hakudanganywa, alipewa ushauri wa wakati wake. Hata madaktari wa watoto wa Marekani, ambao mwaka 2001 walikuwa bado wanaruhusu juisi kuanzia miezi sita, walibadilika mwaka 2017 wakasema isitolewe kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Sisi wakulima tunalielewa hili vizuri. Kuna dawa tulizokuwa tukinyunyiza shambani miaka 30 iliyopita ambazo leo zimepigwa marufuku. Hatumtukani mzee aliyezitumia, ila hatuendelei kuzitumia eti kwa sababu mzee alizitumia.

KAMUA, HALAFU TAZAMA KILICHOBAKI

Usiniamini kwa maneno. Chukua machungwa matatu au manne, kamua, chuja, upate glasi moja. Sasa tazama kwenye chujio na kwenye maganda. Zile nyama na makapi unayotupia kuku ndiyo makapimlo yanayolainisha choo, yanayomshibisha mtu, na yanayofanya sukari ya tunda iingie mwilini polepole. Kilichobaki kwenye glasi ni maji, sukari na sehemu ya vitamini. Katika glasi ya mililita 250 kuna sukari ya kiasi cha vijiko vitano vya chai, na hapo hujaongeza sukari yako.

Sasa jiulize: mtoto wako wa miezi saba anaweza kula machungwa matatu kwa kukaa mara moja? Hawezi. Atakula vipande viwili, vitatu, atageuza uso. Tunda lina breki yake. Juisi haina breki.

TUMBO LA MTOTO NI DOGO

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Tumbo la mtoto linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane anashika kama mililita 240, yaani kikombe kimoja. Ukimjaza mililita 150 za juisi, zaidi ya nusu ya nafasi imekwisha. Maziwa yatakwenda wapi? Uji wenye dagaa utakwenda wapi?

Na si kwamba umebadilishana sawa kwa sawa. Maziwa ya mama yana mafuta, protini, na kinga dhidi ya magonjwa. Juisi haina mafuta, protini yake ni kidogo sana, madini ya chuma karibu hakuna, na nguvu inayotoa kwa kipimo kile kile ni ndogo kuliko ya maziwa. Umempokonya mtoto chakula kizito ukamwekea chepesi, naye amenyamaza kwa sababu tumbo limejaa. Wewe unaona ameshiba.

Halafu maziwa ya mama hutengenezwa kulingana na mtoto anavyonyonya. Akinyonya kidogo, yanatengenezwa kidogo. Baada ya wiki mbili mama analalamika kuwa maziwa yamekauka, kwa hiyo anaongeza juisi. Yanapungua tena.

Tuna utajiri wa matunda na mazao nchi hii, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Na mikoa iliyo juu kwenye orodha hiyo ni ipi? Iringa, Njombe, Rukwa. Mahindi yapo, maharage yapo, parachichi za Njombe zinauzwa hadi nje ya nchi. Kuwa na chakula shambani si sawa na kuwa nacho kwenye bakuli la mtoto.

HOJA MNAZONIPA, NA MAJIBU YANGU

"Joto la Tanga ni kali, mtoto ana kiu." Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Akiwa na kiu mnyonyeshe zaidi, na wewe mama unywe maji ya kutosha. Baada ya miezi sita mpe maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kikombe.

"Ana choo kigumu." Mtoto anayenyonya tu, aliyepita wiki sita za kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo na asiwe na tatizo, ilimradi choo kikija ni laini na mtoto anachangamka. Kama tumbo limejaa, anatapika, au choo ni kigumu kweli, hiyo ni safari ya kituo cha afya, si ya sokoni. Mtaalamu wa afya akikuelekeza jambo tofauti kwa sababu ya hali ya mtoto wako, mfuate yeye. Aliyepita miezi sita mpe papai bivu lililopondwa. Makapimlo aliyoyahitaji ndiyo yale uliyotupia kuku.

"Juisi ya rosela na ya bitiruti inaongeza damu." Rangi nyekundu si damu. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, na akiba hiyo inapungua sana anapokaribia miezi sita. Inarudishwa na ini, nyama, samaki, dagaa na maharage. Kazi ya vitamini C ni kuusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Kwa hiyo tunda liliwe pamoja na mlo huo, lisichukue nafasi yake.

"Hataki kula, anataka juisi tu." Nani alimfundisha utamu huo? Mtoto aliyezoea kitu kitamu ataukataa uji usio na sukari, kama wewe unavyoikataa chai ya bila sukari ukizoea ya vijiko vitatu. Usimzoeze, na hutapigana naye.

"Mimi nanunua ile ya boksi, imepimwa viwandani." Soma maandishi madogo pembeni. Nyingi hazijiiti juisi, zinajiita kinywaji chenye ladha ya embe. Picha ni ya embe, ndani ni maji na sukari. Ile ya unga wa kukoroga hata isitajwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe kabisa vinywaji vilivyoongezwa sukari, na hata juisi halisi ya asilimia 100 ipunguzwe. Pesa ya pakiti hiyo nunua yai.

"Naweka asali badala ya sukari." Asali asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo, na madhara yake ni ya kupoteza maisha.

"Bibi alitupa sisi, mbona tumekua?" Bibi mmoja aliniambia uso kwa uso, "Mwanangu, wewe umeoa juzi, mimi nimelea saba." Nilimpa heshima yake, kisha nikamuuliza, "Bibi, ulizaa saba?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilizaa kumi." Sikumuuliza zaidi. Waliokua ndio tunaowaona wakizungumza.

KITU AMBACHO HAKISEMWI VYA KUTOSHA

Juisi ya nyumbani inapita mikono mingi: kisu, ubao, chujio, jagi, maji ya kuongezea, chupa yenye chuchu isiyosafishika kwenye kona zake. Kwa mtu mzima ni tumbo kuuma. Kwa mtoto wa miezi mitatu ni kuharisha, na kuharisha kunaua haraka. Chupa ya kunyonyea acha kabisa. Tumia kikombe na kijiko, vinaoshwa vikatakata.

Na kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, hili ni zito zaidi. Katika miezi sita ya kwanza, kuchanganya ziwa na vitu vingine kunaongeza hatari ya mtoto kuambukizwa kuliko kumnyonyesha maziwa pekee. Tumia dawa zako kila siku kama ulivyoelekezwa, nyonyesha ziwa pekee, na anayekuletea kikombe cha juisi mrudishie kwa heshima.

BASI NIFANYE NINI?

1. Kuzaliwa hadi miezi sita kamili: ziwa la mama tu, usiku na mchana, kila anapotaka. Hakuna maji, juisi, uji wala chai. Dawa alizoandikiwa na mtaalamu wa afya apewe. Kama hanyonyi kwa sababu yoyote, nenda kliniki ushauriwe kuhusu maziwa mbadala. Juisi si mbadala.

2. Akitimiza miezi sita: anza na vijiko viwili au vitatu. Papai, ndizi mbivu, embe au parachichi, ponda kwa uma hadi lilainike. Chungwa na chenza menya, toa mbegu na ile ngozi nyembamba, ponda nyama yake. Nawa mikono na osha tunda kabla ya kulimenya.

3. Tunda liende na mlo. Uji mzito wenye dagaa wa kusaga au karanga zilizosagwa zikalainika, maharage yaliyopondwa, yai lililoiva, mboga za majani, halafu tunda. Miezi 6 hadi 8 apate milo miwili hadi mitatu kwa siku, kuanzia miezi 9 mitatu hadi minne, na ziwa liendelee hadi miaka miwili au zaidi.

4. Miezi 8 au 9: vipande laini vidogo anavyoweza kushika mwenyewe, umekaa naye. Usimwache peke yake na tunda lenye mbegu.

5. Baada ya mwaka mmoja: kama ni lazima, juisi halisi isiyoongezwa sukari, isizidi mililita 120 kwa siku, kwenye kikombe, wakati wa mlo. Asilale na chupa ya juisi mdomoni, meno yataoza kabla hayajamaliza kuota. Na bado nakuambia tunda ni bora.

Kama umeshaanza kumpa mtoto wako mchanga, usijilaumu. Acha leo. Mweke ziwani mara nyingi zaidi, maziwa yataongezeka. Siku ya kliniki ipeleke kadi, uulize mstari unakwendaje.

NENO KWA WENZANGU WA UGANI

Tunapokwenda kufundisha usindikaji tunabeba vipimo vya sukari, vya moto na vya vifungashio. Tubebe na kipimo cha umri. Sentensi moja inatosha: bidhaa hii si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Haitapunguza soko hata kidogo, maana mtoto wa miezi minne hajawahi kuwa mteja wa mtu. Na kabla ya kukiambia kikundi kikamue kila kilicho mtini, kiambieni kiache mapapai mawili na embe chache kwa ajili ya nyumba. Mti mmoja wa mpapai karibu na jiko ni hazina kwa mtoto kuliko katoni nzima ya juisi.

Yule mama wa Muheza bado ni mwanakikundi. Mtoto wake aliendelea kufuatiliwa kliniki, akapata nafuu, uzito ukaanza kupanda tena. Alipojifungua wa pili nilikwenda kumpa hongera. Mama mkwe wake alikuwa barazani na chungwa mkononi, akiniangalia. Nikamwambia, "Mama, hilo kula wewe. Huyu zamu yake bado miezi sita."

Akalimenya, akanigawia nusu.

Kwa leo naishia hapa. Kama nyumbani kwako au kwa jirani kuna mtoto mchanga, msomee mama yake haya, na baba yake, na bibi yake, maana mara nyingi anayeshika kikombe si mama peke yake.